Toleo Lililosafishwa

Chai ya asubuhi ilikuwa bado haijaletwa, na Kope alikuwa ameshaondoa unywele, alama ya dole gumba la mtu ambaye huenda alishazikwa, na nzi. Nzi alikuwa amekaukia kwenye paji la uso la bibi mmoja mnene wa vichekesho, na kwa jinsi watu walivyomcheka bibi yule enzi hizo, pengine nusu ya kicheko ilikuwa haki ya nzi. Kope alimfuta. Alichota kipande cha ngozi safi kutoka picha ya jirani, akakipachika pale kama fundi cherehani anavyotia kiraka, akapiga miayo, akasogea kwenye picha iliyofuata.

Ndiyo kazi yenyewe. Filamu ni maelfu ya picha ndogo zilizosimama, zinazokimbizwa mbele ya taa mpaka jicho lidanganyike. Anayetazama huona watu wanatembea. Anayesafisha huziona moja moja, zimekuzwa kwenye kompyuta hadi mtu mzima anabaki shavu, au kifungo cha shati, na kitu pekee anachotafuta ni uchafu. Ukimuuliza msafishaji filamu fulani inahusu nini, atakwambia inahusu ukungu.

Kampuni ilikuwa imenunua ghala zima la studio iliyokufa: vichekesho vya zamani, katuni, na makopo mengine ambayo hakuna aliyejua yana nini. Iliviosha, ikavitia kwenye diski, ikavipa majalada yanayong'aa, ikawauzia watu waliotaka kukaa kwenye makochi yao na kucheka walichokicheka wazazi wao. Biashara haikuwa mbaya. Wakubwa hununua vya zamani kwa sababu wanavikumbuka, na watoto hununuliwa katuni kwa sababu wakinyamaza nyumba inapumua.

Jina la Kope alipewa wiki ya kwanza, alipouona ukope mmoja kwenye picha ambayo wenzake wote walishaipitisha. Wenzake walidhani anapenda sinema. Wapi! Alikwenda pale kumtafuta baba yake.

Baba yake alikuwa mwangukaji. Zamani studio ile ikihitaji mtu wa kuanguka kutoka kwenye paa, kitandani, au juu ya punda, ilimwita yeye, na kwa kuwa kila mara aliingia na ngazi begani, watazamaji walimbatiza Ngazi. Hawakujua jina lake lingine na hawakulihitaji. Kope alikuwa bado anabebwa mgongoni siku dereva wa studio alipokuja nyumbani na jozi ya viatu na salamu. Viatu vilikuwa vya Ngazi. Salamu zilisema Ngazi ameondoka na mshona mavazi, asitafutwe.

"Mwanaume gani anatoroka na mwanamke akaacha viatu?" mama yake Kope aliuliza.

Dereva alisema yeye ni dereva tu.

Basi mtaa ukapata la kutafuna, na mtaa ule ulikuwa na meno. Mama yake Kope, ambaye alikuwa dobi, aliwafulia na kuwapigia pasi watu walewale waliomsema. Hakuwa mke, maana mume hayupo. Hakuwa mjane, maana mume hajafa. Penye kilio, wajane walipojikusanya pembeni wakapeana pole, yeye alikaa na vijana wa kuosha vyombo. Viatu aliviweka chini ya kitanda na kuvipiga rangi kila mwisho wa mwezi. Kwenye kopo la vifungo aliweka rangi ya midomo, nyekundu, mpya, ambayo alisema ataifungua siku mwanaharamu atakaporudi, ili amwone alivyo, ajute, halafu afukuzwe.

Filamu moja ya Ngazi ilipofika mezani kwa Kope, ilifika vipande vipande kama zilivyofika nyingine. Yeye alipewa kopo la mwisho, lenye mabaki, yaani vile vipande ambavyo wakataji wa zamani waliviondoa. Meneja alitaka toleo kamili. "Watu hununua wasichowahi kukiona," alisema. Kope alikuta uso wa baba yake, mkubwa kama meza, umetazama juu. Hakuwahi kuuona, ila karatasi iliyobandikwa kwenye kopo iliandikwa Ngazi. Aliutazama mpaka chai ikapoa, kisha akaanza kuusafisha, na hakuna uso uliowahi kusafishwa namna ile katika kampuni ile. Aliondoa vumbi nyusini. Aliondoa mkwaruzo uliopita puani. Pembeni mwa mdomo palikuwa na doa la kahawia, dogo kama punje ya dengu, ambalo katika kila picha iliyofuata lilikuwa limekua kidogo, likashuka kidevuni, likaingia kwenye kola. Ukungu ndivyo ulivyo, hutambaa picha hadi picha. Kope aliulaani, akachota ngozi safi kutoka shavu la pili la baba yake, akauziba, picha baada ya picha, mpaka vidole vikafa ganzi kwenye kipanya.

Alipomaliza, ukanda wenyewe ulichomwa nyuma ya jengo. Ndio utaratibu: filamu ikishaanza kunuka siki huambukiza nyingine, na ikishaingia kwenye diski haina kazi tena.

Siku ya majaribio walikaa wote kwenye chumba cha mikutano, maana diski haiendi kiwandani mpaka wafanyakazi waitazame kama familia, kwa biskuti. Meneja alikaa mbele. Kando yake alikaa Masikio, msafishaji wa sauti, ambaye alivaa hedifoni hata akienda msalani. Picha ilianza. Paa la Bi Mnene linavuja, Ngazi anaitwa, Bi Mnene anampigia kelele kila dakika, naye kila dakika anajibu kutoka juu, "Nakuja, mama, nakuja!" Hayo ndiyo maneno pekee aliyopewa kusema. Halafu Bi Mnene anaivuta ngazi ili akaanikie nguo, na Ngazi anateremka, anakanyaga pasipo na kitu. Katika majumba ya sinema zamani, hapo alipotelea nyuma ya ukuta, ikatoka kofia inabingirika, na watu wakafa kwa kicheko. Toleo kamili lilionyesha upande wa pili wa ukuta.

Ilipofika hapo Ngazi alianguka. Alianguka kwenye televisheni, na alianguka pia kutoka dari, kati ya meza na kabati la mafaili. Kishindo kilikuwa kimoja. Alilala kidogo, akainuka, akapangusa magoti, akaokota kofia, akasema, "Nakuja, mama, nakuja," akatoka kwa mlango.

"Nani amemwaga biskuti?" Meneja aliuliza.

Mfagiaji aliitwa aje na ngazi nyingine kukagua dari. Dari ilikuwa nzima, haina hata ufa.

"Kishindo cha dari kimenoga kuliko cha kwangu," Masikio alisema. "Ningejua ningekirekodi."

"Imepita," Meneja alisema. "Ipelekeni kiwandani."

Kope hakuitazama televisheni. Alikuwa anatazama sakafu, kisha mlango. Maisha yake yote hakujua baba yake alitembeaje, na sasa alijua: kwa mabuti ya kuchekesha, mapana kama makasia, na kichwa kimelala juu ya bega la kushoto kama mtu anayesikiliza ukutani.

Alipofika nyumbani jioni, pasi ilikuwa bado ya moto na mama yake amesimama katikati ya nguo za watu.

"Umechelewa," mama alisema. "Baba yako amekutangulia."

Ngazi alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na beseni, kofia magotini.

"Nimemuuliza alikuwa wapi, ananiambia anakuja. Nimemuuliza yuko wapi huyo mshona mavazi, ananiambia anakuja. Mtu amekalia stuli yangu ananiambia anakuja!"

"Ndilo neno lake, Mama. La kwenye picha."

"Nimeona kola yake imekaa ovyo. Nikasema hata kama nitamfukuza, hafukuzwi na kola ile, watu watasema mimi dobi gani. Nimeinyoosha, haikai. Nimeipiga pasi hapohapo shingoni, hajashtuka, wala haikai." Mama aliishusha sauti. "Si kola, mwanangu. Ni shingo. Njoo ushike."

Kope alishika. Mfupa ulikuwa umehama mahali pake.

"Huyu hakukimbia," mama alisema. "Huyu alikuwa anakuja, akavunjika."

Alipiga magoti, akavuta viatu kutoka chini ya kitanda, akamvua mabuti, akamvisha. Vilimtosha. Kisha akakaa chini, mgongo ukiwa ukutani, akalia kwa sauti ya chini iliyokuwa imekaa ndani muda mrefu mno hata ikachacha. Alipomaliza alimalizia mashati ya watu.

Asubuhi Kope aliwahi kazini kabla ya wote, akaiweka kazi yake ikimbie, kitu ambacho msafishaji hafanyi. Aliona baba yake akianguka. Aliona asivyoinuka. Kando ya picha, mtu mwenye kipaza sauti cha bati alikuwa anacheka na kuwaonyesha wenzake kwa mkono waendelee, na kamera ikaendelea, na uso wa baba yake ukaendelea kutazama juu, safi kama sahani. Kope akakumbuka ukungu. Ukungu huanza pembeni mwa ukanda, sio pembeni mwa mdomo. Kila msafishaji anajua hivyo. Na ukungu haufuati mteremko wa kidevu.

Alitafuta nakala ya kwanza, ile chafu, iliyoingizwa kwenye kompyuta kabla ya kazi kuanza. Ilikuwa imefutwa ili kupisha katuni za mbuzi daktari.

Hakumwambia mama yake.

Diski ikatoka. Ilienda vizuri kuliko vichekesho vyote vya mwaka ule, na kila ilipotazamwa, mahali popote, Ngazi alianguka kutoka dari ya sebule hiyo, akapangusa magoti, akaaga kwa neno lake, akaja nyumbani. Kwanza alikuja mmoja mmoja, jioni, saa ambayo watu wamekwisha kula wakawasha televisheni. Kisha wakaja wawili watatu pamoja, wakipishana mlangoni kwa adabu. Hawakula, hawakunywa, hawakulala. Walikaa. Stuli zilipokwisha walikaa juu ya ndoo. Ndoo zilipokwisha walisimama kando ya ukuta, kofia mkononi, vichwa vyote vimelalia kushoto, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Viatu vilikuwa vya mmoja tu. Wengine walibaki na mabuti.

Wateja hawakulalamika sana. Mmoja alipiga simu kuhusu meza ya kioo, mwingine kuhusu kasuku. Kampuni ikaongeza maneno kwenye jalada: *Sogeza meza kabla ya kutazama.* Baada ya muda familia zilijifunza kutandika godoro, na watoto wakagombania nani akae karibu.

Mtaani nako mambo yalinoga. Jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeitwa Mama Redio kwa sababu ambayo haihitaji kuelezwa, alisimama uwani kila jioni na kuhesabu kwa sauti.

"Shoga! Uliyekosa mume mmoja sasa una kikosi! Wengine tugawie basi!"

"Chukua," mama yake Kope alijibu akianua shuka. "Chagua mwenye shingo."

"Na wote wakimya hivyo? Mimi wangu hata usingizini anagomba."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye, jirani. Shika pindo hili tukunje."

Alicheka, na Mama Redio akacheka, na shuka ikakunjwa. Lakini alipoingia ndani alimwambia Kope, "Wananiita mama wa waume wengi. Zamani waliniita niliyekimbiwa. Mjane bado sijaitwa na mtu." Alitafuta pa kukanyaga kati ya mabuti. "Kesho nakuja kazini kwenu."

"Kufanya nini, Mama?"

"Kuomba mstari."

Alivaa gauni lake la kutokea, akamshika mkono yule mwenye viatu, Kope akawafuata. Getini mlinzi alimpa mzee mkono. "Mzee, umetuvunjia meza, lakini tumecheka!" Ngazi akamwambia anakuja.

Meneja alisimama, akavuta viti mwenyewe, akaagiza soda. Hakuwa mtu mbaya. Alijua majina ya watoto wa wafanyakazi wake na alitoa ruhusa za misiba bila kuuliza maswali.

"Karibu mama yangu. Karibu mzee. Mzee huyu ndiye ametubeba mwaka huu."

"Asante, mwanangu. Sikuja kwa sifa. Mwishoni mwa picha zenu majina hupanda: aliyeshika taa, aliyepika chakula, aliyeshona nguo. Nataka mstari mmoja hapo. Kwamba huyu alianguka kwenye picha hii, akafa kwenye picha hii, akiwa kazini. Basi. Na kama mnajua mlipomweka, mnionyeshe."

Meneja alikuna kidevu. "Pale studio ilipokuwa, mama, sasa ni maegesho ya magari. Na kufa… kufa ni neno zito, vichekesho haviwezi kulibeba. Halafu tunajuaje? Yule mbuzi daktari wetu anaporomoka mlimani kila siku, anaamka na nyota zinamzunguka kichwa. Kuanguka sio kufa."

"Mshike shingo."

Meneja alimshika, kwa heshima. "Imelala kidogo. Wazee wengi huwa hivyo."

"Weka picha."

Meneja aliita mfagiaji alete godoro, akaita na Masikio aje kurekebisha sauti, akaweka picha. Ngazi alianguka kwenye televisheni na kwenye godoro. Yule wa godoro aliinuka, akapangusa magoti, akamwona mwenzake kwenye kiti, akaenda kusimama kando yake. Meneja alikuwa ameisimamisha picha palepale penye uso.

"Mtu akianguka akafa, mama yangu, hutoka damu. Mimi nipo tayari. Nionyeshe damu."

Mama alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alitazama pembe ya mdomo. Alitazama kidevu, na kola, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameifua asubuhi ya siku ile miaka yote hiyo iliyopita. Hakuna kitu. Alitazama kwa muda wa mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, kisha akamgeukia Kope.

"Wewe ndiye unayewafuta hawa."

"Ndiyo, Mama."

"Hapa palikuwa na nini?"

Kope alitazama soda yake. "Doa."

"Doa la nini?"

"Nilidhani ni ukungu."

Masikio alivua hedifoni, jambo ambalo watu wa ofisi ile hawakuwahi kuliona, na masikio yake yalikuwa madogo tu, ya kawaida.

"Na kulikuwa na mlio," alisema. "Mkavu, kama kijiti. Nikadhani ni mkwaruzo. Nikautoa, nikaweka sauti ya bati."

"Ulikuwa mkwaruzo," Meneja alisema kwa upole. "Na lilikuwa doa la ukungu. Nyinyi ni mafundi, kwa nini mnajidharau?"

Mama aliishukuru ofisi kwa soda. Alimshika mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, akatoka.

Njiani Kope alitembea nyuma yao, akingoja atukanwe. Mama hakumtukana. Walipofika karibu na nyumba alisimama kupumzika, akasema bila kugeuka, "Damu ikikauka hufanana na kutu. Hufanana na chai. Mimi nimetoa madoa kwenye nguo za watu maisha yangu yote, kwa maji baridi na chumvi, na sijawahi kuuliza mtu hili la nini. Nguo ikitoka safi unajisikia vizuri."

"Nisamehe, Mama."

"Ulimfuta vizuri. Nimetazama kwa macho ya dobi. Halijabaki hata ukingo."

Meneja hakulisahau jambo lile, na kwa namna yake alilifanyia kazi. Aliona jinsi chumba kizima kilivyokaa kimya mbele ya uso ule, akajua kwamba watu wangependa kuutazama zaidi. Kampuni ikatoa toleo la pekee, lenye jalada la dhahabu na maneno *Anaanguka Mara Tatu!* Mara ya kwanza kwa kasi yake, mara ya pili polepole, mara ya tatu polepole zaidi, na kati yake katuni ya mbuzi daktari ili watoto wasichoke. Mwishoni majina yalipanda. Palikuwa na mstari mpya. Ulisema: *Uso umesafishwa na Kope.* Meneja alimwita ofisini amwonyeshe, akampa mkono. Kope aliomba ufutwe. Meneja alisema unyenyekevu wake unajulikana, na kiwanda kilishaanza kuchapa.

Aliendelea na kazi. Kuna watakaouliza kwa nini. Nyumbani palikuwa na watu wengi, na kodi ya nyumba hulipwa na anayefanya kazi.

Jioni toleo la pekee lilipofika mtaani, mama yake Kope alikuwa anapiga pasi kwa kunyoosha mkono juu ya bega la mmoja, maana nafasi ilikuwa imebaki ya pasi na shati tu. Upande wa pili wa ukuta Mama Redio alikuwa amejaza ukumbi: watoto wake, watoto wa dada yake, na yeyote aliyepita akasikia kuna picha. Walisikika wakisogeza meza. Walisikika wakitandika godoro. Bi Mnene alipiga kelele zake, sauti ikajibu kutoka juu, kicheko kikapanda, na kishindo kikaja, halafu kingine, halafu kingine. Mtoto mmoja alilia kwa kucheka mpaka akapigwa mgongo.

Kisha mlango wa Mama Redio ukafunguliwa, na mabuti yakasikika uwani.

"Kawafungulie baba zako," mama alisema.

Kope alifungua. Waliingia watatu, wakavua kofia, kila mmoja akasema neno lake. Mama aliiweka pasi chini. Kutoka kwenye kopo la vifungo alitoa rangi ya midomo, ambayo tangu siku ile ya ofisini alikuwa ameifungua. Ilikuwa imekwisha hadi chini, akaichokonoa kwa njiti ya kiberiti. Alimsimamisha wa kwanza chini ya taa, akamshika kidevu kama mtu anayemlisha mtoto dawa, akamchora: pembeni mwa mdomo, punje kama ya dengu; kisha kidevuni; kisha mstari mwembamba mpaka kwenye kola.

"Hapo?" aliuliza.

"Chini kidogo, Mama. Lilikuwa limepinda."

Mama akaupinda. Alimpa Kope njiti, na Kope akamchora wa pili, bila kukosea, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyelijua doa lile picha kwa picha kama yeye. Walifanya hivyo kila jioni, kwa waliokuja na kwa waliokuwepo, mpaka nyumba nzima ikasimama na damu yake mdomoni, na kwa muda mtu yeyote ambaye angechungulia dirishani angeona ni nini hasa alichokuwa anakitazama kwenye televisheni. Mama Redio alichungulia. Alikaa pale kidogo akiwa na kicheko chake usoni, kisha akasema, "Jamani, mmewapamba," akarudi kwake, maana watoto walikuwa wanaianza picha tena.

"Nakuja, mama, nakuja," alisema yule wa tatu.

"Umeshakuja," mama alimwambia, akamfunga kifungo cha juu.

Asubuhi, kama asubuhi zote, nyuso zilikuwa safi. Rangi haikuwa sakafuni wala kwenye kola. Ngozi pembeni mwa midomo ile yote ilikuwa nyororo, imeungana, haina hata ukingo. Kope alipita katikati yao akitafuta njia ya kwenda kazini.